Bi Leokadia Anavuka Uwanja

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Bi Leokadia Pilch, msimamizi wa zamu katika kiwanda chetu, anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 31 Januari. Karatasi hii tunaichapisha Alhamisi, lakini tunajijua: wewe unayeisoma umesimama kwenye dirisha la kantini na huna habari na maandazi ya jemu yaliyo mezani, kwa sababu mwenyewe bado hajafika, na uwanja huko nje ni barafu tupu.

Tuanze alikoanzia. Aliingia hapa akiwa msichana wa kufungasha, enzi ambazo kiwanda kilikuwa mali ya serikali. Kazi yetu ni vile vipande vya mpira vinavyovikwa ncha ya chini ya mikongojo na magongo ya wagonjwa. Wenyewe tunaviita viatu. Ni kitu kidogo, cheusi, hakina sura. Mtu hukitoa kwenye kalibu, hukitupa sandukuni, hutazama saa. Vijana walikuja, wakakaa msimu mmoja, wakaenda zao Uholanzi kuchuma nyanya, na hatukuwalaumu.

Bi Leokadia hilo lilimkera. Ni mtu asiyeweza kukaa kitako. Chai huinywa akitembea, na glasi zake tunaziokota mpaka leo juu ya mashine, kwenye ngazi, na safari moja ndani ya kabati la zimamoto. Alipopewa usimamizi wa zamu, makao makuu yalituletea mabango ya kututia moyo, yenye picha za milima na jua linalochomoza. Akayatazama, akauliza, "Mlima huu nani kati yetu anaupanda?" Akayatandika chini ya mashine iliyokuwa ikivuja mafuta.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Bi Leokadia naye hakumwambia mtu. Barafu ya kwanza ya mwaka ule ilipoganda, alisimama mlangoni na rundo la magongo akatangaza kwamba anayetaka supu ya mchana atavuka uwanja hadi kantini kwa magongo, mguu mmoja juu, kwa viatu vilivyotoka mashineni asubuhi hiyo hiyo.

"Bi Leokadia, mimi mzima bwana, nina miguu yangu miwili!" akalalamika Kornel Sidor, fundi wa mashine mwenye ulimi mrefu kuliko zamu yenyewe.

"Basi mmoja upumzishe. Njoo, supu inapoa."

Tulicheka mpaka tulipoanza kuteleza. Mkurugenzi wetu, Bwana Dudek, aliyeshuka kuonyesha mfano, alifika katikati ya uwanja, magongo yakaenda huku, yeye kule. Akiwa amekaa juu ya barafu, aliuliza kwa hasira, "Mpira mgumu hivi nani kauagiza?" Aliyeuagiza ni yeye mwenyewe, akifuata unafuu wa bei. Tumtendee haki: ndiye aliyecheka wa kwanza. Mpira ule haukurudi tena, na wiki iliyofuata akatangaza kwamba yeyote, hata aliyeajiriwa jana, anaweza kusimamisha mashine akiona mpira haumridhishi, bila kumwomba mtu ruhusa.

Tangu hapo uwanja unavukwa kila mwaka. Baadaye Bi Leokadia akataka kila zamu iweke alama yake ubavuni mwa kiatu. Wengine walichagua nyota, wengine jani la mwaloni. Kornel, ambaye neno lake lilikuwa "mpira ni mpira tu, mama," alichagua konokono, kwa kuwa ndivyo saa zilivyotembea kwenye zamu yake. Alidhani atakemewa. Konokono akachongwa kwenye kalibu siku hiyo hiyo.

Novemba iliyopita Bi Leokadia alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Alipopewa magongo hospitalini, kabla ya kuyaegemea aliyageuza juu chini. Kisha akapiga simu kiwandani, akataka Kornel aitwe.

"Kornel, mwanangu, nimevishwa konokono wako."

Kornel hana raha tangu siku ile. Hajui viatu vile vilitoka lini, wala kama siku hiyo alikuwa macho au alikuwa anasinzia. Sasa kila kiatu anakikunja, anakinusa, anakikanyaga, na mashine anaisimamisha mara nyingi hadi wenzake wanasaga meno. Alimpelekea mgonjwa jozi mpya aliyoichagua kwa mkono wake. Ikarudi na salamu: "Jirani yangu wa kitanda cha dirishani hakuletewa jozi iliyochaguliwa. Na mimi nitavaa nilichopewa." Jumatano ameagiza tena: uwanja usimwagiwe mchanga, gari limshushe langoni, na mtu asije kumpokea njiani. Tumembishia. Bwana Dudek naye amembishia. Kubishana na Bi Leokadia ni kutwanga maji kwenye kinu.

Basi tuko roho juu, na hatuoni haya kusema. Desturi ya karatasi kama hii ni kuandika kwamba mstaafu alitufundisha kuipenda kazi. Tusidanganyane, zipo Jumatatu ambazo hakuna anayeipenda. Alichotufanyia ni kizito zaidi: ametunyang'anya uwezo wa kusema "hayanihusu." Kwa hilo wengine wetu tulimnunia miaka mingi, na leo hatujui tutafanyaje asubuhi bila sauti yake ikitufuata kutoka ngazini.

Bi Leokadia, asante kwa kila supu uliyotufanya tuitolee jasho. Ya leo ni ya bitiruti, kama unavyoipenda, na kiti chako tumekiweka ingawa tunajua hutakikalia. Tunakutakia maisha ya safari nyingi, mama, maana kutulia hutaweza. Ya kwanza ndiyo hii, kutoka langoni hadi kantini. Kornel atakuwa mlangoni, mikono mfukoni kama ulivyoamuru, na sisi wengine dirishani.

Vuka. Viatu ni vyetu.