Transista ya Koki

Kijiwe cha Ziwani kiko nyuma ya kibanda cha Nzivo, fundi wa redio ambaye hakuna anayemwita Nzivo. Ni Waya tu. Benchi lenyewe ni mlango mkuukuu uliolazwa juu ya matofali, na wageni huachiwa upande wa kitasa. Zahoro hufika na birika lake la kahawa jua likianza kulegea, akimkuta Owiti, dereva mstaafu anayeitwa Gia Tano kwa vile mdomo wake hauna breki. Jioni hii hoja ilikuwa imewekwa katikati yao juu ya gunia: amplifaya ya marehemu Koki. Mumewe, Mzee Kitonga mchonga vinyago, ndiye aliyeibeba kutoka nyumbani, na bado alikuwa ameiwekea mkono juu, kama mtu aliyeleta mbuzi sokoni na hataki kumuuza.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Vidole vya Kitonga vimeanza kugoma. Kuchonga bado anachonga, lakini kusugua kwa msasa mpaka mti ung'ae hakuwezi tena, na kinyago kisichong'aa hakina mnunuzi. Basi Waya akamuundia mashine: mota ya feni ya gari, betri, na gurudumu lililovishwa msasa. Mota ikipewa betri yote inakimbia mpaka inampokonya mzee kinyago, kwa hivyo ilitaka transista ya kuipimia umeme, ile kubwa ya chuma inayokaa mgongoni mwa amplifaya. Waya alizing'oa kwenye amplifaya mbovu za wauza skrepa wa Mukuru kwa Reuben. Kila moja ilizungusha mota vizuri kabisa, kisha ikaungua. Za dukani, alisema Waya, siku hizi ni maganda matupu. Imebaki hii ya Koki, nzima, na mashine ikikataa, Kitonga atafunga virago arudi Ukambani akachunge kuku.

— Si joto, alisema Waya. Ile ya mwisho niliifunga na kipande cha sufuria kinyonye joto, nikaishika, ilikuwa baridi. Na bado ikaungua.

— Hapo ndio unakosea, buda, alisema Gia Tano. Hiyo kitu imezoea ngoma. Maisha yake yote inakula nyimbo, leo unaipeleka kibarua cha kiwanda Indastria. Si itakufa na stresi? Mwacha mila ni mtumwa.

— Methali yako haiingii hapo.

— Inaingia. Isukume tu.

Zahoro alimimina kahawa polepole, kwa maana yeye hana haraka hata akiwa na jibu. Alieleza kwamba zile za kwanza zilitoka amplifaya za klabu, zimezoea kulala asubuhi, na ukiziamsha mchana lazima zife. Ya Koki ni ya kanisa, imelelewa vizuri, itadumu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, akamalizia, na hakuna aliyejua nyoka ni nani.

— Basi shida ni betri, alisema Gia Tano. Waya, si uliitoa kwa gari ya maiti? Kila kitu inashika, inazika.

Alipolisema tu akajuta. Wote walitazama vikombe vyao, na Kitonga akatazama amplifaya.

Hawakujua kwamba kila magharibi mzee huiwasha. Haweki maiki wala wimbo; huketi tu aisikilize ikivuma. Koki aliwafunza kwaya sauti ya pili kwa chombo hicho, pale uani, miaka na miaka, na mvumo ule ndio uliobaki wa kumngoja mlangoni. Transista ikitoka, utanyamaza. Alimpenda mkewe, na alipenda kazi yake, na sasa mmoja ilibidi aombwe amlipie mwenziwe.

Ndipo akaja Hikma na chupa yake tupu ya chai, mama aliyehamia juzi nyumba ya mkabala. Aliwaamkia shikamoo, akakaa upande wa kitasa akingoja kujaziwa kahawa, akasikiliza mpaka akaelewa.

— Samahani wazee wangu. Hizo zilizoungua, ziliungua mota ikizunguka, au mlipoizima?

Kijiwe hiki kina desturi yake: kitu kikipona, kahawa mpya humiminwa na kila mtu hunyanyua kikombe kabla ya neno lingine.

— Gia, si wewe ulikuwa kwa swichi? aliuliza Waya.

— Nilizima, ndiyo. Lakini nilikuwa nimegeukia Zahoro anijazie.

— Mimi macho yalikuwa kwa vikombe, alisema Zahoro. Ningewachoma.

— Na mimi nilikuwa nimeinua changu, Waya akakiri. Tulipoiwasha tena, ilikuwa imeshakufa.

Wakamgeukia Kitonga. Naye alikuwa akifurahia kinyago kilichong'aa. Lakini swali lilikuwa limemfikia mahali pengine. Hata Koki aliondoka hivyo. Asubuhi ile alikula uji, akacheka, akaomba chanuo, na wote wodini wakashukuru Mungu, wakashuka chini kunywa chai. Waliporudi walikuta kitanda kimya. Mpaka leo hakuna anayeweza kumwambia ilikuwaje.

— Ifungue, alisema.

— Mzee, hii ikienda hakuna nyingine.

— Najua, Waya. Lakini tutajua inakufa saa gani.

Waya alifungua skrubu, akaitoa transista, akaiunga kwenye mashine kwa risasi ya kulehemu iliyotoa moshi mwembamba. Alipozungusha kinobu cha kuongezea umeme mota ikaitika, taratibu, gurudumu likageuka kwa mwendo uleule ambao vidole vya mzee vingeuweza. Mkono wa Zahoro ulikwenda wenyewe kwenye birika.

— Weka chini, alisema Kitonga.

Zahoro akaweka. Gia Tano alikuwa na mkono kwenye swichi. Hikma alikumbatia chupa yake tupu. Kitonga alisogea karibu, akainama, akaiwekea transista kidole juu, kikiwa na ganzi yake, akakiacha hapo.

— Sasa zima.