Mama Lavinia Hazeldine-Bowen na Jina Alilolilinda, 1941–2023

Marehemu Mama Lavinia Iyatunde alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1941, hapa Freetown, katika nyumba ya mbao ya Settler Town ambayo mawe ya msingi wake yalipangwa na mababu zake, wale watu weusi huru walioshuka melini kutoka Nova Scotia, Kanada, mwaka 1792, wakafyeka kichaka na kupima mitaa, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Josiah Hazeldine na Mama Keziah, akaitwa Iyatunde, yaani ‘mama amerudi’, kwa kuwa bibi yake alikuwa amefariki wiki tatu kabla.

Alisoma shule ya wasichana ya misheni hadi 1958, kisha akajifunza kushona, na kwa miaka arobaini na mitano alishona magauni na sapatu za kitambaa zilizotariziwa, ambazo nyingi mmezivaa leo.

Tarehe 17 Desemba 1966 aliolewa na Ephraim Bowen, karani wa reli, lakini alikataa kuliacha jina la kwao, akaliunganisha na la mume, na marehemu Baba akawa akitania kwamba ameoa ukoo, mwanamke amekuja kama nyongeza. Walijaliwa watoto wawili, Olive, anayesoma historia hii, na Cuthbert, wote wakaondoka mapema kwenda London.

Mwaka 1975 aliletwa Jeneba Kanneh kutoka Moyamba, huko bara, akiwa na miaka sita, alelewe na kusomeshwa huku akisaidia kazi, kama ilivyo desturi yetu, na nyumba nyingi za mtaa huu ziliwapa watoto wa namna hiyo jina la ukoo. Mwaka 1986, Jeneba alipojiandikisha kwa mtihani wa mwisho, aliomba jina la nyumba iliyomlea, na Mama akamjibu mbele ya wageni, “Jina la Hazeldine lilikuja na meli, halichukuliwi jikoni.” Jeneba hakuomba tena, wala hakuondoka.

Baba alifariki mwaka 2009, na katika karamu yake ya kumbukumbu ya miaka kumi, tarehe 12 Januari 2019, maharage na maandazi ya akara vikiwa tayari kumwagwa katika shimo lililochimbwa kwa ajili ya wafu, Mama alirusha vipande vya kokwa ya kola kuwauliza kama wameridhika, navyo vikaanguka kwa namna ya kukataa mara tatu, na kila mtu uani alijua maana yake ni kwamba kuna mtu wa nyumbani ana kinyongo ambacho hakijasuluhishwa. Mzee mmoja akamwambia, “Dada Lavinia, ongea na mtu wako,” Mama akasema muuzaji wa kola ni mwizi, akatuma zinunuliwe nyingine, na aliyetumwa sokoni ni Jeneba.

Agosti mwaka huu alimpigia Olive simu akasema, “Njoo, nataka mashahidi, nimpe Jeneba jina lake,” na Olive akamjibu, “Mama, limesubiri miaka thelathini na saba, likizo yangu ni Desemba.” Mama akaona asingoje, akamwomba mchungaji aje Jumatatu tarehe 4 Septemba, lakini Jumamosi iliyotangulia alipatwa na kiharusi kilichomnyima kauli. Kwa wiki tisa na zaidi Jeneba alimlisha, alimwogesha na kumgeuza, naye Mama alimshika mkono akifungua mdomo bila neno kutoka, hadi Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, alipoaga dunia.

Jana Olive alimwambia Jeneba kwamba ataandikwa katika orodha ya watoto, naye akaendelea kuchambua mchele, akasema, “Sista Olive, aliyetakiwa kuniita mtoto amelala pale sebuleni. Niandikeni Jeneba Kanneh, aliyemtunza. Hilo halina ubishi.” Ndivyo alivyoandikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta viti na kupika tangu Alhamisi, mafundi cherehani wenzake, na mchungaji, ambaye Jumatatu ile alifika kwa wakati. Kwa Jeneba shukrani haitoshi, familia inamwomba msamaha, na inauomba hapa mbele yenu, ikijua kwamba hana deni la kuutoa.

Mama Lavinia, umefanya kazi, umechoka, lala sasa kwa amani.