Tsonka Raychevska na Jozi Arobaini za Buluu

Tuliyemleta hapa leo, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, anaitwa Tsonka Minkova Raychevska. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, yaani shangazi yangu. Kuna aya humu ambazo baba hakutaka zisomwe wala zichapwe. Zimechapwa. Mwenye hasira asubiri tumalize kuzika.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Novemba 1953, kwenye kijiji kilicho juu ya mji wa Tryavna, mtoto wa kwanza wa Minko na Rada. Babu alikuwa seremala wa kuchonga. Mwaka 1961, serikali ikiwa imekataza redio za nje, alikuwa anasikiliza moja jioni, kajifunika blanketi yeye na redio yake, na jirani aliyezoea kuja kuomba chumvi akaenda kusema kwa wakubwa. Babu akatolewa karakanani, akapelekwa kubeba magogo. Shangazi alikuwa na miaka saba. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alimalizia hivi: redio ilikuwa yetu, blanketi letu, chumvi yetu, masikio tu ndiyo hayakuwa yetu. Anayetaka kumwelewa marehemu aanzie hapo, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuondoka hapo.

Shule ya msingi alisoma Tryavna. Mwaka 1968 akaingia shule ya ufundi wa nguo hapa Gabrovo, akamaliza 1972 akiwa wa kwanza kwa hesabu. Ripoti yake ya mwisho bado ipo. Mwalimu kaandika: "Mwanafunzi bora. Haamini majibu ya kitabu."

Mwaka huohuo wa 1972 akaajiriwa kiwandani kama mchoraji wa mapambo ya kufuma, akakaa miaka ishirini na tisa, kutoka mapambo ya kutoboa kwenye kadi za karatasi mpaka mashine za kompyuta. Kiwanda kilipofungwa 2001 alinunua mashine moja ya kufuma iliyokuwa inaenda kwenye chuma chakavu, pamoja na programu yake ya kuchorea, akaiweka kwenye gereji ya nyumbani. Soksi na fulana za vikundi vingi vya ngoma wilaya hii zimetoka kwenye gereji ile. Wengine mmezivaa leo, nimeziona.

Aliolewa tarehe 18 Septemba 1976 na Dobri Raychevski, fundi umeme. Dobri alisubiri jibu miezi kumi na minne, kwa sababu mchumba alikuwa anamuulizia kwenye vijiji vitatu. Dobri alijua, na kwenye meza ya harusi akasema yeye kachunguzwa kuliko maji ya kunywa. Walimpata Milen mwaka 1979. Dobri alifariki 2009. Ndiye mtu pekee ambaye marehemu alimwamini, na hata yeye alikuwa anahesabiwa sigara.

Sasa kompyuta. Bila hiyo wasifu huu ni wa mtu mwingine.

Programu ya kuchora ilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Marehemu aliitumia hivyo mpaka 2007, ila hakuipenda. Alisema ni sanduku lililogundishwa kifuniko, na yeye anajua kinachokaa ndani ya masanduku ya namna hiyo. Mwanafunzi aliyepanga chumba kwao akamwonyesha Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Inafunguka, kila mstari unasomeka, na kila kinachofanyika ndani kinaandikwa tarehe na saa. Shangazi akiwa na miaka hamsini na tatu akakaa na kamusi ya Kiingereza akajifunza mwenyewe. Ile programu ya kufuma akaipitisha kwenye Wine, daraja linaloidanganya programu ya Windows ijione iko kwao. Ilifanya kazi. Ilianguka mara mbili kwa siku, ila ilifanya kazi.

Shida ilikuwa kadi ya picha. Draiva yake, yaani ile programu inayoiwezesha kadi kuongea na kioo, ilikuwepo ya aina mbili. Moja ya kampuni iliyotengeneza kadi, ambayo huwezi kuisoma ndani. Nyingine ya watu wa kujitolea, inasomeka yote, ila ina vituko. Unajua alichagua ipi. Kioo kilikuwa kinazimika katikati ya kazi, kikichanika kama karatasi, na kuanzia 2012, ndani ya programu ya kufuma tu, nyekundu na buluu zilibadilishana nafasi. Akichora ua jekundu, soksi inatoka na ua la buluu.

Mtu mwingine angeweka ile draiva nyingine. Marehemu alikwenda kwenye mashine akahamisha nyuzi. Koni ya nyekundu akaiweka penye buluu, ya buluu penye nyekundu. Makosa mawili yakaelewana. Alifanya kazi hivyo miaka kumi na moja, na ili pasije pakaharibika kitu, akaifunga kompyuta isipokee apdeti yoyote mpaka aruhusu yeye.

Gereji ilikuwa na funguo tatu: wake, wangu, na wa Nurten.

Nurten aliingia pale 2007. Alifuma, alifunga mizigo, aliwasha kompyuta asubuhi, na alikuwa haruhusiwi kitu kingine chochote kwenye ile kompyuta. Miaka kumi na sita aliondoka saa kumi na moja jioni baada ya marehemu kuangalia begi lake. Halikuwahi kukutwa na kitu. Marehemu alisema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Jumamosi tarehe 11 Machi 2023 nilikwenda kumsaidia kuweka printa. Aliniambia nigeukie ukutani, akaandika neno la siri. Mtu wa posta akabisha hodi. Barua ilikuwa imefunguliwa pembeni, basi wakaanza kubishana mlangoni karibu robo saa. Sasa Linux ukishaipa neno la siri inakaa dakika kadhaa haikuulizi tena. Nikaona apdeti mia sita na kumi na mbili zimepangana zinasubiri. Mimi siwezi kuona kitu kimekaa miaka hakijafanywa. Niliruhusu zote, nikaficha dirisha lake kwenye kioo, nikaondoka na kipande cha banitsa, ule mkate wa jibini, alichonifungia.

Apdeti zilirekebisha draiva. Kioo kikaanza kusema ukweli, na nyuzi bado zilikuwa zimekaa kwa ajili ya uongo.

Mwishoni mwa Machi marehemu alichora mchoro mpya: jozi arobaini za soksi nyekundu kwa kikundi cha ngoma, za kuvaliwa siku ya Mtakatifu Georgi. Alimwachia Nurten afume, yeye akaenda Tryavna kwa Pasaka. Jozi ya kwanza ilitoka buluu. Nurten akapiga simu akasema rangi zimegeuka. Marehemu akamjibu: mchoro nimechora mwenyewe, usiguse kitu, fuma. Nurten hakugusa kitu. Akafuma arobaini.

Marehemu alirudi, akaona soksi, akafungua michoro ya zamani. Kwenye kioo kila ua lililokuwa jekundu lilikuwa buluu. Kwake ule ulikuwa ushahidi: kuna mtu kaingia kwenye mafaili.

Ijumaa tarehe 21 Aprili kiongozi wa ngoma alikuja kuchukua mzigo na nusu ya kikundi chake. Majirani walitoka. Wengi wenu mlikuwepo, kwa hiyo sitapamba.

Marehemu alimwambia Nurten, "Rudisha ufunguo."

"Dada Tsonka, ni kioo. Kioo kimebadilika."

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Nina macho."

"Una macho na una ufunguo. Leta."

Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza kama nimegusa chochote. Nikasema hapana. Sikujua bado kwamba apdeti ndiyo iliyogeuza rangi. Ila kwamba niligusa, nilijua.

Nurten aliweka ufunguo juu ya soksi, akashika njia. Hakuna aliyemtetea. Mtaa wetu ukisikia jina la Kituruki na kitu kimeharibika, hauombi ushahidi. Karakana mbili za kufuma zilimkataa mwezi uliofuata, Mei. Mpaka leo anasafisha ngazi za maghorofa.

Marehemu aliendelea peke yake, mpaka alipoanza kuvimba miguu. Mwezi Novemba 2024 madaktari walisema ni moyo, na tarehe 8 Januari mwaka huu akalazwa. Wodini alisoma maandishi ya kila kichupa kabla hakijamgusa, na nesi mmoja alimuuliza kama ni mkaguzi. Akamjibu: bado sijaamua.

Wiki moja baadaye alinipa neno la siri. Sikuamini. Alitaka nimletee mchoro wa soksi alizomfumia Milen utotoni, ambao baadaye aliuhamishia kwenye kompyuta. Nilifungua kompyuta, na kando ya ule mchoro palikuwa na faili linaitwa "nani". Ndani yake majina ya watu wote waliowahi kukanyaga gereji, tarehe na saa: kiongozi wa ngoma, kasisi, msoma mita, baba yangu mara sita. Chini kabisa, tarehe 9 Juni 2023, alinakili kutoka kwenye kumbukumbu za Linux siku na saa ya apdeti, akaongeza maneno yake: "11 Machi, saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri. Nilikuwa mlangoni na mtu wa posta. Ndani alikuwepo mmoja." Jina hakuandika.

Kwa hiyo alijua. Wiki saba tu baada ya kumfukuza Nurten alishajua.

Nilimpelekea mchoro. Nikamwambia nimesoma, na kwamba nilimdanganya siku ile. Akasema, "Nilikushuku wewe kwanza, kabla hata ya Nurten. Ila wewe ni damu."

Nilimuuliza mbona hakumrudisha.

"Ningemwambia nini? Kwamba nimemtupa nje yeye ili nisikutupe wewe?"

Aliniangalia sana, kama anavyoangalia kila mtu, anatafuta pale gundi ilipopakwa. Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yamefanya wasifu huu uwe ulivyo: "Nilimfukuza barabarani, watu wanaona. Usije ukanisafisha chumbani. Na karatasi ya wasifu usimpe baba yako aichape, ataikata."

Alifariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, Milen akiwa ameshika mkono wake. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Baba, nisamehe, lakini ulitaka kuikata kweli. Ulisema namvua dada yako nguo kaburini. Ukasema pia huenda nimetunga yote nipate cha kuandika mtandaoni. Faili lipo, tarehe zipo, njoo usome.

Jana niliondoa kwenye mlango wa gereji moja ya zile karatasi za msiba zenye picha yake tunazobandika milangoni, nikaenda nayo kwa Nurten. Alifungua mlango, mnyororo hakuutoa.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Unataka nini?"

Nikamweleza yote kupitia upenyo ule: apdeti, faili, hospitali. Alisikiliza akiwa na kitambaa cha kusafishia mkononi. Aliniambia mambo ya kioo aliyajua tangu jozi ya kwanza, hakuhitaji mimi. Alichokuwa hajui ni nani. Alidhani Milen.

Kisha akauliza, "Hayo kesho utayasema kwa sauti, au utanong'ona?"

"Kwa sauti."

"Nitakuja kusikia. Kulia siji." Alikuwa ameanza kufunga mlango, akaufungua tena kidogo. "Na jina langu liandikwe lote. Pale kwenu nilikuwa 'yule msichana' mpaka nikafika miaka arobaini na moja."

Amekuja. Amesimama pale nyuma. Msigeuke wote kwa pamoja, jamani, si maonyesho.

Basi nasema kwa sauti. Nurten Syuleymanova Kadirova hakugusa faili hata moja la marehemu. Alifuma alichoambiwa afume, baada ya kupiga simu kuonya. Aliyegusa ni mimi, Bilyana Minkova. Aliyeliona kosa na kulificha ni marehemu, na ameagiza mwenyewe lisemwe mbele ya watu walewale. Mwenye karakana anayetafuta mfumaji, na nawaona wawili hapa, sasa hana kisingizio.

Marehemu ameacha mtoto wake Milen na mkewe Elitsa. Wajukuu wawili, Dobri mdogo na Rayna. Mdogo wake Penyo, ambaye ni baba yangu. Mimi mpwa wake. Na Nurten Syuleymanova Kadirova, mwenzake wa kazi kwa miaka kumi na sita, ambaye jina lake marehemu hakuliwekea alama yoyote kwenye faili zaidi ya saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Kasisi akimaliza, kila mmoja atapita hapa, achukue kijiko cha ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu, aseme tunavyosema siku zote: Mungu amsamehe. Tuseme. Nurten asisukumwe kusema, hiyo ni ya kwake, na akienda nyumbani bila kuisema asiwepo wa kumnong'onea nyuma.

Tsonka Minkova Raychevska, pumzika. Limesemwa kwa sauti.