Sinia la Mauwa Kwenda Kilabuni

Alasiri, jua likishapungua ukali, benchi la mzee Marijani pale Temeke hujaa kabla kahawa haijachemka. Si benchi hasa. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili ya lami. Marijani, mwenye nyumba, hukaa penye kivuli. Ubavuni mwake hukaa Hija, ambaye watu humwita Keya kwa sababu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akaenda vitani Bama, na ingawa vita vimekwisha miaka mingi, yeye hajamaliza kuvisimulia. Wa tatu ni Leodegar, karani wa ghala, mtu wa bara, aitwaye Gazeti: hata karatasi iliyofungiwa sukari huikunjua akaisoma mpaka mwisho. Nyuma yao, ng'ambo ya kiambaza cha makuti, lipo jiko la Bi Mauwa. Na siku hiyo aliyekuwa akijadiliwa ni Bi Mauwa mwenyewe.

Mauwa alikuwa akikaanga samaki aina ya changu, sikio moja kwenye mafuta, la pili benchini. Tangu kilabu cha pombe kifunguliwe upande wa pili wa barabara, wanaume waliozoea kupita kwake kula wakitoka kazini walikuwa wakinyoosha huko huko. Wakinywa na njaa zao, wakilala na njaa zao, na wali wake ukilala sufuriani. Ndipo Genoveva, mama wa bara anayeuza pombe kilabuni, alipomjia na kumwambia: "Weye una chakula, mie nina watu. Kwa nini tusishikane?" Mauwa alikubali palepale. Lakini chumba na jiko ni vya Marijani, na Marijani alimwambia angojee jibu jioni, baada ya kahawa. Akikataa, Mauwa hana jingine ila kufunga jiko na kurudi Kilwa kwa kaka yake, akakae kwa watu kama mgeni asiyejua ataondoka lini.

— Mie sina ugomvi na Mauwa, — alisema Marijani, akipuliza kikombe. — Ugomvi wangu ni sahani. Sahani ikishaingia kilabuni, kesho niletewe mie chakula humo humo? Na nyumba yangu itaitwaje? Jiko la walevi!

— Sahani haziendi, mzee! — Mauwa alipaza sauti kutoka jikoni. — Nakwenda na sinia mpaka kwenye ua wao, naishia pale. Genoveva anapakua kwenye sahani zake mwenyewe. Mie simo ndani, na sahani zangu hazimo.

Benchi likatazamana, kama watu walioporwa hoja waliyokuwa wameikalia.

— Sahani si neno, — alisema Gazeti. — Nyie hamuoni mbali. Mlevi akishiba halewi upesi, sivyo? Asipolewa upesi, anaongeza kibuyu. Akiongeza kibuyu, serikali inaongeza kodi. Bi Mauwa atakuwa ameajiriwa na serikali bila kujua!

— Umejuaje kuwa mlevi akishiba halewi upesi? — aliuliza Keya.

— Nimesoma.

— Umesoma! Jumamosi ulipita hapa unaimba, ulikuwa unatoka wapi?

— Kanisani.

— Jumamosi?

— Tulikuwa tunajifunza nyimbo za Jumapili.

Marijani alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzuni. Mauwa naye alitabasamu huku akigeuza samaki, kisha tabasamu likamtoka, maana kicheko cha mwenye nyumba hakikuwa jibu.

— Nisikilizeni mie, — Keya alisema, akijiweka sawa kama mtu anayepokea saluti. — Kule Bama tulikuwaga tunakula biskuti ngumu kama kokoto. Siku moja tukaletewa nyama, wali na chai yenye maziwa. Tukafurahi! Kulipokucha tukapelekwa mbele kwa Mjapani. Tangu siku ile, nikiona watu wanafuatwa na chakula mpaka walipokaa, najua kuna vita.

— Lakini hawa wanalipa, bwana, — alisema Marijani.

— Ndiyo mbaya zaidi! Safari hii wanatulipisha wenyewe.

— Vita na nani? — aliuliza Gazeti.

— Hawajakwambia kwenye karatasi yako ya sukari?

Gazeti hakukubali kuachwa nyuma. Aliweka kikombe chini, akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Haya, tuacheni vita. Samaki wakivuka barabara, paka wa mtaa huu wote watawafuata. Paka wakihama, panya watabaki bila mwenyewe. Panya wakijaa, inaingia tauni. Ikiingia tauni, Bwana Afya anakuja na dawa yake, anatutoa majumbani. Mzee Marijani, nyumba hii itachomwa moto kwa ajili ya samaki!

— Wallahi? — Marijani alishtuka kwelikweli.

— Na paka wenyewe wakilamba pombe, — Keya alidakia, — hata wakirudi hawafai. Paka mlevi anasalimiana na panya.

Mauwa aliepua karai. Samaki walikuwa wamekauka vizuri, wenye rangi ya dhahabu iliyokolea, na wali wa nazi ulikuwa umeiva hata punje zinaachana. Alivipanga kwenye sinia, kachumbari pembeni, akafunika kawa. Kisha akasimama tu, mikono kiunoni. Vyote vilikuwa tayari isipokuwa neno la mtu mmoja, na mtu huyo sasa alikuwa anaogopa panya.

— Basi mie naona, — Marijani alianza, sauti yake ikiwa nzito, — kwa jinsi mambo yalivyo...

— Shikamooni, wazee.

Aliyesalimu alikuwa kijana mrefu, shati limejaa vumbi la saruji, kofia mkononi. Waliitika marahaba, wakamsogezea nafasi kama ilivyo desturi.

— Karibu kahawa, — alisema Keya. — Jina?

— Audax. Natoka Bukoba, nimepata kazi ya kujenga huku, leo ndiyo siku ya kwanza. Kahawa asanteni, lakini mie nina njaa. Nimeambiwa hapa wanapika. Ni kweli?

— Kweli kabisa! — walijibu wote kwa pamoja. — Bi Mauwa! Mgeni!

— Basi nyie wenyeji nisaidieni kuchagua, — alisema Audax. — Jana mlikula nini hapa?

Keya alimtazama Gazeti. Gazeti alitazama ndani ya kikombe chake. Marijani akaanza kufuta kahawa kanzuni.

— Au juzi? — Audax aliuliza kwa upole, akidhani hawakumsikia.

Ng'ambo ya makuti, Mauwa aliganda na upawa mkononi. Yeye angeweza kumjibu. Keya hula kwa mkewe. Gazeti hula kwa dada yake. Mzee Marijani, tangu alipompa chumba, hajawahi kumega hata tonge moja la jikoni mwake. Lakini alimpakulia tu kijana wali, akamchagulia changu mnene, akatoka akamwekea sahani mapajani.

Audax alinawa, akala. Hakuwa na maneno tena. Alimega, akachovya, akanyonya mfupa mpaka ukawa mweupe, na watu watatu wakaikodolea macho ile sahani kama watoto.

— Kitamu? — Marijani aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

— Mzee, nyie mna bahati, — alisema Audax, akiwa na tonge shavuni.

Gazeti hakutaja paka, wala Keya hakumtaja Mjapani. Mauwa alirudi jikoni, akatia kata kichwani, akajitwika sinia. Alipotokeza nje hakumwangalia mtu. Akapita mbele ya ubao, mbele ya Keya, mbele ya Gazeti, mbele ya mwenye nyumba, akashika njia ya kwenda barabarani, kando ya mtaro. Ng'ambo kule, Genoveva alikuwa amesimama uani akimpungia mkono.

— Mauwa! — aliita Marijani.

Akasimama. Hakuweza kugeuka, kwa ajili ya sinia.

— Pita upande huu wa mtaro, — alisema mzee. — Huko kuna utelezi, utamwaga chakula cha watu.