Nilimwambia Mama ni Vidonda vya Tumbo

Mtanisamehe, leo nasema nikiwa nimekaa, miguu imevimba. Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, hamjambo.

Wengi mnanijua. Ni binti wa hapa hapa Lituhi, na nilikuwa nashona nguo Mbinga mjini. Mwaka jana nilianza kukonda, tumbo likawa linauma. Nilipopimwa, daktari akasema nina saratani ya ini, na imeshaenea. Nikamuuliza, "Nitapona?" Akasogeza kiti karibu. "Hapana, dada. Ila maumivu tutayapunguza."

Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama ni vidonda vya tumbo. Ndugu zangu, nawaambia, uongo ule mimi niliuita huruma. Mama akaacha kutia pilipili na limau kwenye samaki. Akawa anapika chakula kisicho na ladha, na yeye mwenyewe anakula hicho hicho. Bado nikazidi kudhoofika.

Asubuhi moja tunaanika dagaa, akasema bila kunitazama, "Mwanangu, unisamehe. Nadhani mapishi yangu ndiyo yaliyokuharibu tumbo."

Hapo nilishindwa. Nikamwambia yote.

Aliweka ungo chini. Kisha akasema, "Kumbe miezi yote hii ulikuwa peke yako, na mimi nipo humu humu ndani?" Tulilia mpaka tukachoka, halafu akakoroga uji, tukanywa.

Tangu siku hiyo sikuficha tena. Niliwaeleza ninyi wanajumuiya, nanyi mkaja. Mama mmoja alikuja na mihogo, akaketi nyuma yangu, akanisuka nywele. Kaka mmoja kila akienda Mbinga ananiletea dawa ya maumivu. Nanyi wanakwaya mmehamishia mazoezi uani kwetu. Siku nyingine sauti ya pili mnaiharibu mpaka nacheka. Kuna mabinti wawili nawafundisha kushona pale kitandani. Mmoja wao kwenye kola ameshanishinda.

Sidanganyi mtu: sijapona, na kuna siku naogopa sana. Ila siogopi peke yangu.

Asanteni nyote. Asante, mama. Kama kuna mwenye jambo zito amelifungia moyoni, amwambie mtu mmoja kabla ya kulala leo. Na ninyi mnaokuja kuniona, msinong'onezane mlangoni kama vile nimeshaondoka. Ingieni, mniite jina langu, mniambie soko lilikuwaje.