Niliichagua Isiyo na Kiti cha Nyuma

Kamwene, ndugu zangu. Nashukuru mmeitika wote, hata kule nyuma. Mimi si msemaji wa kusimama mbele ya kanisa, mnajua. Wengi mnanifahamu kama yule mzee wa parachichi, anayepita mashambani kwenu, anapasua tunda moja kwa kisu, anaangalia kama limekomaa, kisha anawaambia wanunuzi waje au wasubiri. Kazi hiyo nimeifanya kwa miguu miaka mingi kwenye vilima hivi vya kwetu Igowole. Masika yakianza, udongo wetu mnaujua ulivyo. Ikafika siku goti la kulia likaanza kunigomea.

Mke wangu ndiye aliyesema tutafute chombo. Pikipiki aliikataa kabisa, maana kaka yake alikufa kwa ajali ya pikipiki. Mtoto wetu wa kwanza, anayefanya kazi Mbeya, akatupigia simu kwamba kuna duka mjini limeleta baiskeli za umeme zenye matairi manene, shokapu mbele na nyuma, tope kwao si kitu. Akasema njooni mchague wenyewe, nitawasaidia kununua. Tukafunga safari, mimi na mama watoto.

Zilikuwa zimebaki mbili. Ya kwanza nyeusi, nyepesi, siti moja tu, na betri inayokwenda mbali. Ya pili ya kijani, nzito, siti ndefu ya watu wawili na mahali pa abiria kuweka miguu, ila betri yake ilikuwa inawahi kuisha. Muuzaji alikuwa kijana mstaarabu, akatueleza yote bila haraka. Akatuonya kwamba ile nyeusi tusidhani tutaifunga keria ya kubebea mtu baadaye, kwa sababu sehemu ya nyuma inacheza na shokapu, keria haikai. Ndugu zangu, nawaambia, niliposikia hivyo moyo wangu ulifurahi.

Subirini niwaeleze kwa nini. Kwetu hapa mwenye chombo haombwi, anaambiwa. Mgonjwa akizidiwa, watu wanakuja mlangoni wanasema toa chombo, na wewe unatoa. Leo mama mjamzito, kesho mzee wa kliniki, keshokutwa mtoto amevunjika mkono. Ndivyo tulivyolelewa, na ukikataa, siku ya msiba wako utajua. Nilikuwa nimemwona jirani mmoja, pikipiki yake ilifanya kazi za watu mpaka ikafia mikononi mwake. Nikajisemea, mimi sitakuwa huyo. Ila kukataa kwa mdomo nisingethubutu, mimi ni mwoga. Basi nikatafuta chombo cha kunikatalia.

Mke wangu alikuwa ameshapanda ile ya kijani pale pale dukani, amekaa nyuma, amekusanya gauni lake, anacheka. Akasema hii ndiyo yetu. Nikamvuta pembeni nikamweleza hesabu zangu. Kicheko kikaisha. Akaniuliza, "Na mimi je, baba?"

Nikamjibu, "Wewe unaenda wapi? Kanisa liko hapo tu."

Tumeishi pamoja miaka mingi, na nimesema mabaya mengi kama mume yeyote. Hayo ndiyo ningetamani niyarudishe mdomoni. Hakubishana. Tukarudi na ile nyeusi.

Na chombo kilifanya kazi, sitaki kusema uongo. Nilikuwa napanda mlima wa kule kwenye chai bila kuhema, goti likapumzika. Wenye shida walikuja, kama nilivyotegemea. Kuna bibi mmoja jirani yangu, miguu yake inavimba, kila mwezi lazima aende kliniki. Yupo hapa leo, na ameniruhusu nimtaje hivyo. Alipokuja nilimwonyesha baiskeli kwa heshima zote, nikamwambia, bibi, ningekuchukua, lakini angalia mwenyewe, hakuna pa kukaa. Akaipapasa kwa mkono, akasema kweli mwanangu, hakuna. Akaondoka na fimbo yake. Mimi nikaenda kazini nikipiga mluzi, dhamiri safi kabisa.

Yakaja masika. Asubuhi moja mke wangu aliamka na tumbo. Akasema litapoa. Halikupoa, likawa linamkunja, akawa anatoka jasho la baridi. Gari halikuweza kupanda kwetu, kulikuwa kumeharibika mno. Mwenye pikipiki niliyempigia aliteleza akaangukia mtaroni kabla hajatufikia. Nikachukua ubao, nikaufunga kwa kamba juu ya tairi la nyuma. Mke wangu alipokaa, shokapu ikashuka, ubao ukagusa tairi, ukavunjika. Nikamweka kwenye siti yangu, mimi nikashuka kwenye tope, mkono mmoja kwenye usukani, mkono mwingine nimemshika kiunoni. Mtu mgonjwa hawezi kujishikilia. Alianguka mara mbili. Mara ya pili nilikaa chini naye nikalia kama mtoto, na yeye ndiye aliyenibembeleza. Alisema, "Usilie, baba. Sukuma tu."

Hatukuwa tumefika mbali pale wanaume waliposhuka kilimani na machela ya blanketi na miti miwili. Sikuwaita. Waliniona tu kutoka shambani. Wawili kati yao ni watoto wa yule bibi. Walimbeba mke wangu mpaka barabara kubwa, wakipokezana, wala hawakupumzika. Mimi nilifuata nyuma na baiskeli yangu.

Alifariki jioni ile hospitalini. Daktari hakuniambia kwamba tungewahi angepona. Hakuniambia pia kwamba asingepona. Nilimuuliza mara mbili, akanipa pole.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoanguka, maana kufiwa si kuanguka. Siku ya mazishi mlinisifu. Mlisema jamani, yule mzee kamsukuma mkewe kwenye tope mpaka mikono ikachubuka, huo ndio upendo. Mama mmoja alinishika viganja akavionyesha watu. Nilipokea sifa, nikala chakula chenu cha msiba, mkalala kwangu siku tatu mkinifariji, na hakuna aliyejua kwamba chombo chenye nafasi ya mke wangu kilikuwepo, amekikalia, nikamshusha. Kila aliyenipa pole alinichoma upya.

Nikaanza kunywa, kwanza ulanzi wa mianzi. Msimu wake ulipoisha nikahamia pombe ya komoni. Kanisani sikuja tena, mkadhani ni majonzi. Wanunuzi wakatafuta mtu mwingine wa kuwakagulia matunda. Baiskeli niliiacha ukumbini, betri imekufa, kuku wakailalia. Watoto wangu walikuja wakanisihi, nikawafukuza kwa maneno machafu. Ndiyo, mimi, mzee wenu. Kuna siku niliamka kwenye mfereji wa shamba la mtu, na mwenye shamba akanifunika koti lake akaenda zake bila kunisema.

Halafu asubuhi moja nimekaa nje kwenye kigogo, kichwa kinauma, namwona yule bibi anakuja polepole na fimbo yake, amevaa kitenge cha kutokea. Nikadhani amekuja kunihubiria. Hakuhubiri. Alisema amekuja kunichukua twende kliniki, kwa sababu mwenzake hayupo.

Nikamuuliza, "Mwenzako nani, bibi?"

"Mke wako," akasema.

Sikumwelewa. Akakaa chini kwenye kigogo akanieleza. Tangu mwezi ule nilipomwonyesha baiskeli, kila siku ya kliniki nikishaondoka kwenda mashambani, mke wangu alikuwa akifunga mlango, anamfuata bibi kwake, anamshika mkono, wanatembea wote kwenda na kurudi. Hata kwenye mvua. Mwezi aliokufa alikuwa ameshaenda naye. Mimi nilikuwa nikirudi nakuta chakula kiko mezani, namuuliza umeshindaje, ananijibu salama.

Hapo ndipo nilipovunjika. Nilimwambia bibi yote, dukani, siti ya kijani, nia yangu, kila kitu. Nilikuwa nasubiri anitemee mate. Akasema, "Najua, mwanangu. Mkeo alinieleza siku ya kwanza, akaniomba radhi kwa ajili yako. Alisema wewe si mtu mbaya, unaogopa watu tu. Haya, vaa viatu, tutachelewa."

Nikavaa viatu. Nilikuwa nanuka pombe, na bibi wa watu alinishika mkono njia nzima, sijui nani alikuwa anamsindikiza nani. Tulipofika pale mke wangu alipoanguka, nilisimama, nikashindwa kwenda mbele. Bibi akasimama na yeye. Hakuniambia nijikaze. Alisubiri mpaka nikaweza.

Siwadanganyi kwamba niliacha pombe siku ile. Niliteleza mara kadhaa. Ila kliniki ina mwezi wake na tarehe yake, na mtu aliyelewa hawezi kumshika bibi mwenye miguu mibovu, atamwangusha. Kwa hiyo nilianza kwa kutokunywa siku hiyo, kisha siku iliyotangulia, na polepole zikawa nyingi. Watoto niliwaomba msamaha. Kazi nimerudia. Ile nyeusi niliisafisha, naiendesha mashambani. Nilimuuliza muuzaji kuhusu ile ya kijani, akasema iliondoka zamani, hazijaja nyingine. Hivyo siku ya kliniki ile nyeusi naiacha nyumbani, natembea na goti langu.

Niwashukuru mliobeba machela. Nimshukuru aliyenifunika koti. Bibi, wewe sina neno la kukupa hapa mbele ya watu. Na ninyi wenye vyombo, au mnaotafuta, siwaambii mnunue cha aina gani. Nawaambia mkichagua, msimhesabu mwenzenu kama mzigo wa kukwepa, maana huwezi kuwakwepa watu wote ukabakiza wako tu. Mimi nilijaribu.

Nina ombi moja, kisha nakaa. Tukimaliza kuimba msije kunipa mkono wa pole. Pole mlishanipa, nikaipokea kwa uongo. Wote niliowaambia hakuna pa kukaa, mpo hapa, nawaona. Naomba mnisamehe. Na asiyeweza leo asijilazimishe, nyumbani kwangu mnapajua, nitamsubiri.