Mzee Twahiru na Plaki Zake Nyepesi

Tarehe 31 Julai 2025 Mzee Twahiru Munyemana anavua aproni yake ya ngozi katika ateliye yetu, karakana ya batiri, hapa Kamembe, baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Aliingia mwaka 1997, ateliye ikiwa na mabati machache juu na jiko moja la kuyeyushia risasi. Hakukosa kazi ila siku za Idi, siku za malaria, na siku aliyomzika mama yake. Patroni Cirhuza, mwenye ateliye, amenipa mimi kazi ya kuandika habari zake kwa sababu baada yake mimi ndiye mwenye miaka mingi hapa. Shule niliacha darasa la nne. Mjukuu wangu Umutoni amenisahihishia herufi. Maneno ni yangu, na sikumruhusu atoe hata moja.

Kwa wageni ambao hawajui kazi yetu: ndani ya batiri kuna plaki, yaani mabamba ya risasi. Kila plaki ni wavu wa risasi wenye madirisha madogo. Madirisha hayo tunayajaza pate, ule unga wa risasi uliokandwa na maji na asidi mpaka ukawa mgumu kama ugali. Halafu plaki zinalala siku tatu chini ya magunia yenye maji, na juu ya magunia tunafunika shitingi ya plastiki ili unyevu usitoke. Humo ndani pate inakauka polepole na kushikana na wavu. Mzee Twahiru ndiye anayemimina nyavu. Mimi ndiye ninayekanda na kulaza. Wako wanaosema kukanda ni kazi nyepesi ya wanawake. Wajaribu kukanda kilo thelathini za risasi kabla ya saa nne, ndipo wafungue midomo.

Mzee Twahiru ni mtu wa usafi mpaka anachosha. Hakuna aliyeruhusiwa kula karibu na risasi, wala kwenda nyumbani bila kusugua kucha kwa sabuni. Nshimiyimana, ambaye leo ni fundi mkubwa na anajidai, siku moja alificha sambusa ndani ya glavu yake. Mzee aliitoa, akaitupa kwenye makaa mbele yetu wote, akaiomba msamaha sambusa. Nshimiyimana mwenyewe hakuombwa. Nyinyi vijana mliokuwa mnamcheka Mzee kwa sabuni yake, nendeni hospitali mkaulize sumu ya risasi katika damu zenu, kisha mje mumshukuru.

Mkono wake ni mizani. Ukimpa plaki akaiweka kwenye kiganja, atakuambia uzito wake, na mizani ya chuma itakuja nyuma kukubali. Sokoni alikuwa anafanya vilevile na nyama. Wachinjaji wa Kamembe wakimwona anakuja walikuwa wanaongeza kipande kabla hajafika, maana waliona aibu kushindwa na kiganja.

Kiganja hicho ndicho kilichomletea mawazo. Batiri zetu za sola zilikuwa na kilo ishirini na saba. Gari linaishia pale barabara inapoishia, na kutoka hapo mpaka juu Gikundamvura au Rwimbogo batiri inapanda kichwani mwa mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Mzee Twahiru alikuwa akisema kwamba uzito si umeme, kwamba risasi nyingi ndani ya wavu haifanyi kazi yoyote, imekaa tu kama mgeni asiyeshika jembe. Tulimsikia miaka mingi. Hatukujua anataka kufika wapi.

Mwaka 2016 alitumwa Bugarama kufunga batiri kwenye nyumba moja iliyo kando ya mashamba ya mpunga. Alipomaliza, alikaa kwenye ukingo wa mfereji mchana mzima. Watu wa pale walidhani amepatwa na homa. Alikuwa anaangalia maji. Mfereji wa mpunga ni mpana pale maji yanapoingia, kisha unagawanyika na kupungua, na kule mwisho kabisa ni upana wa mguu tu, kwa sababu kule hayapiti maji mengi. Mimi nimezaliwa kando ya mfereji huo, nimechota humo, nimefua humo, na sikuwahi kuona kitu isipokuwa matope. Yeye aliona plaki. Nyavu zetu zilikuwa na vijiti vya unene mmoja kila mahali. Alirudi akasema umeme wote unakimbilia sikio la plaki, ile pembe ya juu inayounganishwa na wenzake, basi vijiti vinene viwe karibu na sikio, na vya mbali viwe vyembamba, na vyote vielekee huko kama mifereji inavyoelekea kwenye mlango wa maji.

Kuchonga kalibu ya kumiminia wavu huo kulimchukua miaka miwili, kwa tupa na kwa macho yake. Kalibu sita ziliharibika. Ya saba ilikubali. Batiri ya kwanza ilipokamilika aliiweka kwenye mizani, akafunika namba kwa mkono wake, akamwambia Patroni akisie. Patroni alikisia ishirini na tano. Ilikuwa ishirini na mbili.

Sasa nafika mahali ambapo Patroni Cirhuza, aliponipa kazi hii mwezi wa tatu, aliniambia nipite kimya. Alisema niandike mazuri tu, habari ya batiri arobaini niiache, tusimwaibishe mzee siku yake ya mwisho. Habari hiyo sitaiacha.

Desemba 2018 tulitengeneza plaki nyepesi za batiri arobaini. Januari ziliuzwa, nyingi zikapanda Gikundamvura. Kabla mwezi wa pili haujaisha zilianza kurudi moja moja, zimekufa. Tulipozifungua, pate yote ilikuwa imeanguka chini kama matope, na nyavu zimebaki uchi. Patroni alitukusanya uani akauliza kosa ni la nani. Aliuliza kwa sauti ya mtu ambaye anafukuza leo. Mzee Twahiru alisimama.

“Ni mukono yangu, Patroni,” alisema. “Wavu niliufanya mwembamba kupita kiasi.”

Basi ikawa hivyo. Kalibu iliwekwa juu ya rafu, tukarudi kwenye plaki nzito. Mzee alizifuata batiri zote arobaini mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akazibadilisha, akaomba msamaha kwa kila mlango. Vijana walimpa jina, Papa Nyepesi. Hata waendesha pikipiki walimwita hivyo, wakamwambia afunge jiwe mfukoni upepo usimbebe. Alikuwa anacheka nao. Miaka sita alicheka nao.

Wavu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Ijumaa moja ya Desemba ile tulilaza plaki nyepesi, na mimi ndiye niliyebaki kuzichunga, kumwagilia magunia na kuhakikisha shitingi imekaa. Jumamosi asubuhi walinipigia simu kutoka Bugarama. Mpunga wangu umetandazwa chini, na mawingu yamefunga upande wa Burundi. Sikuwa na kitu cha kuufunikia. Nilitoa ile shitingi ya ateliye, nikaikunja, nikapanda gari. Niliwaza kwamba ni siku mbili tu, kwamba magunia yana maji ya kutosha, kwamba plaki nimezilaza maisha yangu yote na nazijua. Plaki nzito zingenisamehe. Zile nyepesi zina madirisha makubwa na vijiti vyembamba, zinataka siku zao tatu bila kupungukiwa hata saa. Jumatatu nilifika kabla ya watu. Magunia yalikuwa yamekauka kau. Niliyamwagilia maji, nikarudisha shitingi, nikanyamaza.

Na pale uani, Mzee aliposimama, nilinyamaza tena. Mwanangu alikuwa amefariki mwaka ule, wajukuu watatu wako kwangu. Hiyo ni sababu. Sisemi ni udhuru. Mimi ninayegombeza kila mtu hapa kwa uvivu, kwa kuchelewa, kwa kutofagia, nilimwacha mtu abebe kosa langu miaka sita, na nikaendelea kugombeza.

Mwaka huu nilipokaa na kalamu, maneno mazuri hayakuja. Wiki hiyohiyo Patroni aliamuru kalibu zote za zamani ziuzwe kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kutoka Bukavu. Nilipita uani nikaiona kalibu ya saba juu ya rundo, imefungwa waya pamoja na vyuma vya baiskeli. Pasaka ilipopita nilikwenda nyumbani kwa Mzee Twahiru. Mke wake alinipa chai. Sikuinywa. Nilisema yote, kutoka kwenye simu ya mpunga mpaka kwenye magunia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa utulivu, “Maman Izabayo, ile kitu nilikuwa najua. Batiri zilipoanza kurudi nilitafuta kosa kila mahali, mpaka nikakunjua shitingi. Nikakuta punje za mpunga kwa mikunjo.”

Nilimuuliza kwa nini basi alisimama. Alijibu, “Plaki inaweza kungojea. Batoto bako habawezi.”

Mwingine angelia. Mimi nilikasirika, na leo naiandika hasira hiyo hapa kwa sababu anaistahili. Nilimwambia hivi: “Miaka sita bamama ba Gikundamvura banabeba kilo tano za bure kwa kichwa. Ni woga yangu na huruma yako. Mimi ulinihurumia. Bale, nani alibahurumia?”

Aliweka kikombe chini. Mtu huyu anayepima kila kitu kwa kiganja aliangalia mikono yake.

“Hiyo sikuipima,” alisema.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa Patroni Cirhuza. Nilisema mimi. Mzee alitaka kuingilia, nikamwambia anyamaze, kunyamaza anakujua vizuri. Patroni hakupiga kelele. Alitoka uani, akachukua koleo, akakata waya mwenyewe, akaibeba kalibu mpaka kwenye jiko. Akasema tutengeneze batiri kumi, siku tatu kamili za kulala, na shitingi isitoke ateliye hata mvua ya Nuhu ikianguka Bugarama. Kisha akanivua ufunguo wa chumba cha kulaza akampa Dusabimana, msaidizi wangu wa kukanda. Sasa nakanda, na kulaza nalaza chini ya jicho lake. Ni haki. Dusabimana ana ulimi mkali kama wangu, na sijui ameutoa wapi.

Batiri kumi zilipanda Gikundamvura katikati ya mwezi wa tano. Mpaka leo haijarudi hata moja ikiwa imekufa. Miezi miwili na nusu si miaka mitatu, na mimi simsifu mtu kwa kitu ambacho siku hazijakijaribu. Lakini zile arobaini, kwa muda kama huu, nusu yake zilikuwa zimeshakufa. Mzee aliiteremsha moja ikiwa nzima, akaifungua mbele yetu sote kuitazama ndani. Pate imeshika kila dirisha, kama udongo ulioshika fito za nyumba. Nshimiyimana aliinama kuangalia, akainuka, akamwita Mzee kwa jina lake kamili, Mzee Twahiru Munyemana, na wale wengine wakafuata. Jina lile jingine sijalisikia tena ateliye. Nikilisikia, mtu huyo atakanda pate mwezi mzima.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Gikundamvura, Nyirahabimana, kupimiwa asidi. Alitokea barabarani na batiri yake, moja ya zile kumi, kichwani juu ya ngata. Kwetu mtu mwenye mzigo mzito kichwani haachwi autue peke yake. Ukimwona, unaacha unachofanya, unasimama, mnashika pande mbili, mnashusha pamoja. Mzee Twahiru alisimama, Dusabimana akasimama, na mimi na magoti yangu nikasimama. Kabla hatujamfikia alikunja magoti, akaishusha mwenyewe, akaiweka chini taratibu, akajinyoosha. Mzee alikuwa bado amenyoosha mikono. Nyirahabimana akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama hapa kwetu mgeni hapewi maji.

Mzee Twahiru, ateliye inakushukuru kwa miaka ishirini na minane, kwa sabuni, kwa kiganja, na kwa kalibu ya saba. Mimi nakushukuru kwa chakula cha wajukuu wangu, na bado sijamaliza kukukasirikia. Uende nyumbani kwa amani, ulale mpaka jua lipande, ushinde ukibishana na wachinjaji. Mungu akupe miaka mirefu yenye afya, wewe na wote wa kwako. Na ukimwona jirani amekosa, mwambie siku hiyohiyo, hata kama ana wajukuu.

Maman Izabayo, wa kukanda pate, kwa niaba ya wafanyakazi wote